Tulikwenda Tanga kutembea, baba akamkuta baba yake kwenye kabati la Mzungu

Wakuu, habari za humu.

Wakubwa zangu kama bado wapo, shikamooni. Wengine wote marahaba, hata kama hamjaniamkia.

Mimi ni bibi wa Upare Kusini, milimani huko upande wa Mamba. Nilisoma darasa la nne. Huwa nasoma tu nyuzi zenu, sichangii. Leo naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie.

Ninachosimulia nilikiona mwenyewe. Nisipokumbuka nitasema sikumbuki. Waliokuwepo siku ile wamekwisha kufa wote, nimebaki mimi, na kumsingizia marehemu ni jambo baya kuliko kumsingizia aliye hai, maana hawezi kujitetea.

Mwezi uliopita tumemzika kaka yangu Eliamini. Pale msibani msemaji mmoja alimsifu, akasema marehemu aliacha mambo ya wazee tangu ujana wake na hakugeuka nyuma hata siku moja.

Nilitazama chini. Msibani si mahali pa kubishana.

Lakini tangu siku ile silali vizuri. Ndiyo maana nimekuja humu.

Kwanza niwaeleze desturi moja, msije mkapotea njiani.

Zamani kwetu mzee wa ukoo akifa alizikwa kama kawaida. Ikishapita misimu kadhaa, mwanawe mkubwa alifungua kaburi, akatoa kichwa cha baba yake, akakiosha kwa mikono yake, akakipaka mafuta na kukiweka ndani ya chungu. Chungu kile kilipelekwa mpungi, msitu mdogo wa ukoo usiokatwa kuni, kikawekwa chini ya mwamba pamoja na wenzake. Kukiwa na ukame au ugonjwa, mtoto huyo alikwenda pale, akamimina dengelua, pombe yetu ya miwa, akazungumza na baba yake.

Najua wengine mnashangaa. Shangaeni tu, lakini si uchawi. Ilikuwa ni adabu.

Baba yangu alipokuwa kijana alimtoa babu. Alimwosha, akamweka. Baadaye wakapita Wazungu waliokuwa wakipima milima, na walipokwisha kuondoka baba alikwenda mpungi akakuta chungu kimelala ubavu.

Ndani hakuna kitu.

Alitafuta mpaka akachoka. Kila kiangazi alikwenda kuzungumza na chungu kitupu. Mama alikuwa akimwambia, "Unaongea na nani sasa?" Anajibu, "Naongea na mahali pake, ili akirudi asikute pamepoa."

Nilikua nikiona hayo.

Kaka yangu alibatizwa, akajifunza upishi misheni, akashuka Tanga. Wakati huo ni wa Mwingereza, mkonge umejaa Tanga yote, na kijana anayejua kuoka mkate hakosi kazi. Akaajiriwa na bwana mmoja Mwingereza wa mambo ya mkonge. Jina lake nalijua, sitaliandika, huenda ana wajukuu.

Siku moja kaka akatuma salamu kwamba baba aende akaone bahari kabla hajafa. Baba alisema hana haja ya kuona maji asiyoweza kumwagilia. Lakini akaenda. Mimi nilikuwa msichana mkubwa, nikafuatana naye kwa sababu magoti yake hayakuwa mazuri.

Tulishuka mlima kwa miguu, tukapata lori mpaka Same, tukapanda treni. Nilikuwa na kapu la magimbi. Baba alikaa dirishani njia nzima, na kila kituo aliuliza, "Huku wanakula nini?" Hakuna aliyemjibu.

Tulilala chumbani kwa kaka, Ngamiani. Kesho yake ilikuwa Jumapili. Bwana wake alikwenda kuogelea na wenzake asubuhi yote, kwa hiyo kaka alikuwa na nafasi ya kututembeza.

Wakuu, Tanga ya siku zile ilikuwa safi. (Watu wa Tanga msininunie, sijasema ya leo ni chafu.) Kulikuwa na miti kando ya barabara, na nyumba za ghorofa ambazo baba alizihesabia madirisha. Tukaona saa kubwa karibu na bandari. Baba akauliza saa hiyo ni ya nani. Kaka akasema ni ya watu wote. Baba akasema, "Kitu cha watu wote hakikosi kuharibika."

Tukafika baharini.

Baba alisimama akatazama kwa muda. Sisi kwetu tuna ndiva, yaani bwawa la kukusanya maji ya mlimani, lina mlango, na watu wanapokezana zamu za kumwagilia. Baba akauliza kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli:

"Ndiva kubwa namna hii. Mlango wake uko wapi? Na leo ni zamu ya nani?"

Kaka alicheka mpaka akakaa chini. Baba akachota maji kiganjani, akaonja, akatema.

"Basi ndiyo maana wameiacha imejaa," akasema.

Hiyo ndiyo siku tuliyokuwa nayo mpaka hapo. Nzuri kabisa. Nasema hivyo ili mjue tulivyokuwa tumelegea.

Kaka akasema, "Sasa njooni muone ninapofanya kazi. Kuna sanduku linalotengeneza barafu."

Nyumba ilikuwa upande wa Raskazone, na baraza pana mbele. Getini tulimkuta mtunza bustani, Mzee Kombo, Mdigo, mtu wa maneno mengi.

"Eliamini, hawa ndio watu wako wa mlimani?"

"Baba yangu na mdogo wangu."

"Karibuni. Lakini mzee mwenzangu, kesi umeiacha nyumbani au umekuja nayo? Maana Mpare hasafiri bila kesi."

Baba alielewa, maana utani huo unafahamika mpaka kwetu. Akamjibu kwa Kiswahili chake cha shida, "Nimekuja kutafuta wa kumshitaki. Wewe unafaa."

Mzee Kombo alifurahi sana. Akatuacha tupite.

Kaka alitupitisha mlango wa nyuma. Jikoni akafungua lile sanduku, akampa baba kipande cha barafu. Baba alikishika, akakibadilisha mkono, akakitazama kinavyodondoka maji.

"Jiwe linatoka jasho."

Tukacheka. Kisha kaka akasema tupite haraka sebuleni tuone viti, halafu tutoke.

Sebuleni kulikuwa na kabati la vitabu lenye vioo. Juu ya kabati, kati ya mtungi wa maua na picha ya farasi, lilikuwepo fuvu la mtu. Kwenye tundu za macho bwana alikuwa ameegemeza viko vyake vya tumbaku.

Mimi nilirudi nyuma.

Kaka akacheka. "Msiogope. Huyu ni mwenzangu wa kazi. Nampangusa vumbi kila asubuhi, namwambia shikamoo mzee, hajawahi kuitikia."

Baba alikuwa bado ana barafu mkononi. Niliona inaanguka sakafuni.

Alikwenda mpaka kwenye kabati, akavitoa vile viko kimoja kimoja na kuviweka pembeni. Akalishika fuvu kwa mikono miwili kama unavyomshika mtoto mchanga kichwa. Halafu, wakuu, hili nimeliona. Kidole gumba chake cha kulia kilikwenda chenyewe juu ya paji la uso, kikaingia kwenye kishimo kilichokuwa hapo. Baba alikuwa bado anatazama ukutani. Kidole kilifika kabla ya macho.

Babu alipigwa rungu ujanani, ng'ombe walipoporwa huko tambarare. Akapona, akabaki na kishimo kwenye paji. Hadithi hiyo tulikua nayo sote. Kishimo chenyewe hatukukiona, maana babu alikufa kabla hatujazaliwa. Baba alikijua kwa kidole, maana ndiye aliyemwosha.

Baba akasema kwa Chasu, lugha yetu, taratibu tu, "Ni yeye."

Kaka akasema, "Nani?"

"Baba yangu. Babu yako."

Nilimtazama kaka. Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile, na nimezika watu wengi. Alitazama mikono yake. Akaipangusa kwenye kanzu, akaitazama tena.

Aliyakumbuka matambara yote aliyompangusia babu yake, nadhani.

Kisha woga ukamshika. "Baba, lirudishe. Mafuvu yote yanafanana. Bwana akirudi atasema tumeiba, nitafungwa."

"Afungwe nani? Aliyeibiwa au aliyeiba?"

"Baba, nakuomba."

Baba alitoka na babu mikononi, akapitia mlango wa mbele, ule ambao watumishi hawakuruhusiwa kuupita, akaenda kukaa barazani. Akalisimamisha fuvu juu ya meza ndogo ya chai. Yeye akakaa chini, uso kwa uso nalo.

Pale ndipo bwana alipotukuta, nywele zake bado zina maji ya bahari.

"Eliamini! Watu hii nani?"

Kaka alieleza. Bwana alisikiliza, akatazama meza, akatazama baba. Nilitegemea atoe bunduki. Kumbe alicheka.

"Baba yake? Kweli?" Akasema yeye hakuliiba, alilikuta na nyumba. Aliyekaa kabla yake aliliacha pamoja na viti. Kisha akapunga mkono kama unavyomfukuza kuku. "Haya, chukua. Mimi hapana taka. Kwenda nayo."

Moyo wangu ulirudi mahali pake. Kaka akamwambia baba, "Ametoa! Amesema chukua! Twende!"

Baba hakuinuka.

"Mwambie sikuja kuomba zawadi," akasema. "Mtu hapewi baba yake kama zawadi. Aliyemtoa mahali pake alimkosea. Amekaa nyumba hii akitiwa tumbaku machoni. Kosa la nyumba hii halijasemwa. Nikimbeba hivi hivi nitakuwa nimembeba mtu mwenye kinyongo, na nitampeleka kwa watoto wangu. Kwanza mtu wa nyumba hii aseme mbele yake, nimekukosea. Ndipo tutaondoka."

Enyi wakuu, nilitamani ardhi ipasuke. Alichokitafuta ujana wake wote kiko mezani, ameambiwa achukue, na yeye anataka kesi isikilizwe!

Kaka alitafsiri nusu tu, niligundua. Lakini bwana alielewa kwamba mzee haondoki. Akawa mwekundu.

"Mimi nimempa! Yeye nataka nini tena? Pesa?"

"Hapana Bwana. Anataka uombe radhi."

"Kwa nani?"

Kaka alionyesha meza.

Bwana hakucheka safari hii. Akasema anakwenda kula na kulala. Akiamka kunywa chai akatukuta bado tupo, ataita askari, na kile kitu atakitupa baharini kwa mkono wake mwenyewe. Akaingia ndani.

Kwa hiyo hali ilikuwa hiyo. Ama mtu wa nyumba ile aseme, ama babu azame kwenye maji ambayo baba alikuwa ameyatema asubuhi.

Kaka aliingia kumpakulia chakula bwana wake. Nilisikia vyombo vikigongana, naye si mtu wa kugonganisha vyombo. Mimi nilikaa kwenye ngazi. Baba alikataa maji, akakataa gimbi. Kwetu mtu anayedai haki yake mlangoni kwa mtu hali chakula mpaka asikilizwe.

Mzee Kombo alisogea na fagio lake. Mzaha ulikuwa umemwisha.

"Binti, yule ni nani kweli?"

"Ni babu yangu."

Akasema, "Innalillahi." Akaweka fagio chini, akaenda kukaa kivulini, hakufagia tena.

Kaka alitoka, akachuchumaa mbele ya baba.

"Baba, yule hawezi kusema. Hata akisema atakuwa anakudhihaki. Kwao mfupa ni mfupa. Tumchukue babu twende, tutamwomba radhi nyumbani."

"Nyumbani hawajamkosea."

"Askari atakuja."

"Aje. Naye atasikiliza."

"Baba, mimi nimebatizwa. Mambo haya niliyaacha."

Baba akamtazama, na hakuwa na hasira. "Uliyaacha, sawa. Ndiyo maana hukumjua."

Kaka alirudi jikoni. Nilidhani amekasirika.

Jua lilipohamia upande ule wa baraza, nilisikia bwana akikohoa chumbani, ameamka. Birika lilikuwa likilia jikoni na hakuna aliyelitoa motoni. Kaka akatoka. Hakupitia uani. Alipita mlango wa mbele, mikono imelowa, akapiga magoti mbele ya meza ile.

Akasema kwa Chasu. Alikuwa amekaa mjini mpaka Chasu chake kimeingia Kiswahili, lakini siku ile kilitoka sawasawa.

"Babu, mimi ni Eliamini, mtoto wa mwanao. Nyumba hii mimi ndiye ninayeifungua asubuhi na kuifunga jioni. Moto wake nawasha mimi. Kwa hiyo mimi ni mtu wa nyumba hii. Nilikukuta hapa, sikuuliza wewe ni nani. Nilikufanyia mzaha. Nilikuondolea majivu machoni, kisha nikavirudisha viko palepale. Nimekukosea mimi, na nyumba hii imekukosea, nami nasema kwa ajili yake."

Baba akauliza, kama wazee wa kwetu wanavyouliza kwenye baraza la kesi, "Unakubali kosa, au unakubali ili tuondoke?"

Kaka alikuwa analia. "Nakubali kosa."

"Utatoa nini?"

"Mbuzi. Na babu nitambeba mimi mwenyewe mpaka mahali pake."

Bwana akatokea mlangoni. Alimwona mpishi wake amepiga magoti mbele ya fuvu, machozi yanamtiririka. Sijui alifikiri nini. Alisema tu:

"Chai iko wapi?"

Kaka hakugeuka.

"Leo hakuna chai, Bwana."

Ninyi mliozaliwa baada ya Uhuru hamwezi kujua maneno hayo yalikuwa mazito kiasi gani. Mzee Kombo kule kivulini alisimama.

Bwana akasema, "Basi kesho usirudi." Akafunga mlango. Askari hakumwita. Kwa nini hakumwita sijui, na sitabuni sababu.

Kaka aliinuka, akavua ile kanzu nyeupe ya kazi, akaikunja vizuri kwa mistari yake, akaiweka juu ya kiti. Akabaki na fulana. Baba alikuwa amemtazama babu muda wote. Mwishowe akavuta pumzi na kusema, "Amesikia." Akaomba nimpe mkono ainuke.

Mzee Kombo akatukimbilia na kapu la ukindu, jipya, alilokuwa amemnunulia mkewe.

"Msimbebe mzee mkononi kama boga," akasema. "Na wewe mzee mwenzangu, kesi hii umeshinda. Nendeni kwa amani."

Tulirudi Same kwa treni, kaka na kapu mapajani. Abiria mmoja aliuliza amebeba nini. Kaka akajibu, "Mtu wetu." Yule abiria akahama kiti.

Mlima kaka aliupanda na kapu mwenyewe, hakunipokeza hata mahali pa kuteleza. Baba alikuwa amepata chungu kipya, na kaka akatoa mbuzi aliyemwahidi. Mimi sikuingia mpungi, wanawake hatukuwa tukiingia, nilibaki nje na majani ya kufagilia. Niliwasikia wanazungumza ndani, baba na kaka, kwa muda mrefu. Maneno sikuyasikia, kwa hiyo siyaandiki.

Walipotoka, baba aliomba makande, akala sufuria karibu lote. Sijawahi kumwona akila vile.

Najua kuna mtu atauliza kama mvua ilinyesha. Mwaka ule ilinyesha. Mwaka uliofuata haikunyesha. Siwezi kuwadanganya.

Kaka hakurudi kwenye upishi. Alilima, akaoa, akawa mzee wa kanisa, na alikuwa mzee wa kanisa wa kweli, si wa kujionyesha. Habari hii hatukuizungumza naye tena. Mara moja tu, mke wake alipokuwa amefariki na tumekaa wawili, aliniita jina langu akaniambia, "Nakijwa, mimi sikujua namna ya kuwa na imani mbili. Lakini siku ile babu alikuwa mmoja, na nilikuwa mimi tu wa kusema."

Basi. Hakuyaacha mambo ya wazee. Wala hakuyarudia. Alimrudisha mtu nyumbani, akaendelea na kanisa lake. Hilo ndilo nilitaka kumwambia yule msemaji msibani, nikashindwa.

Fundisho nililopata ni dogo. Kosa likishafanyika, mara nyingi aliyelifanya hayupo tena, na aliyepo hataki kuomba radhi. Hapo mtu mwingine wa nyumba ile lazima akubali kulisema kama lake, la sivyo hakuna anayeondoka. Kaka yangu alilisema. Ilimgharimu, na hakuwahi kulalamika mbele yangu.

Baba alikuwa na haki au alikuwa mkaidi? Mpaka leo sijui. Nimewaachia mseme. Wenye matusi kuhusu mila zetu semeni pia, nimezeeka, hayaniumizi.

Na kama kwenu, au kwa unayemfanyia kazi, kuna kitu juu ya kabati ambacho hakuna anayejua kilitoka wapi, kabla hujakipangusa kesho asubuhi, uliza. Kisha njoo hapa utuambie ulichojibiwa. Nitakuwa nasoma.